Marejea

Udongo wa nyuma ya nyumba, hapa Pongwe,
ulikuwa mwekundu kama uso wa mtu anayedaiwa mbele ya wakwe.
Ukiupiga jembe, jembe linalia.
Ukiumwagia maji, yanasimama juu, yanakutazama,
kisha yanakwenda zao kwa jirani.

Hapa palikuwa mkonge. Mistari na mistari.
Babu Ntabaye alishushwa hapa kutoka Kasulu,
kipande mkononi, namba badala ya jina.
Siku thelathini, kipande kijae.
Ukiugua, hakijai.
Na udongo chini ya nyayo zake ulihesabiwa vivyo hivyo:
toa, toa tena, kesho uje.
Mkonge ulipokosa bei tukagawana mashamba,
tukapanda mahindi juu ya mahindi juu ya mahindi,
kama watu wanaomtuma mtoto dukani bila hela.

Niliporudi na kiinua mgongo
(reli, miaka ishirini na sita, bahasha na mhuri)
nilinunua yurea mfuko mzima pale Ngamiani,
nikamwaga kwa ngumi,
nikidhani mkono mpana ndio ukarimu.
Mchicha ukatoka kijani cha kujipaka, wiki mbili tu,
kisha ncha zikaungua kahawia
kama karatasi iliyosogea karibu na jiko.
Mvua ikabeba kilichobaki.
Pesa yangu ilipita mtaroni. Niliiona ikipita.

Shemeji yangu Mwanamvua hakucheka.
Alikuja na mbegu ndani ya soksi,
soksi ya shule, ya mwanawe.
"Panda hii."
"Inaliwa?"
"Hailiwi."
"Inauzwa?"
"Haiuzwi. Inaitwa marejea."

Vuli nzima nilikuwa kichekesho.
Kilua wa mashine ya kusaga alisimamisha baiskeli
akaniuliza harusi ni lini,
maana ilichanua: njano, njano ya uchokozi,
ikanifika kifuani, nyuki humo kama mnada.
Nikaanza kuipenda. Kosa likawa hapo.
Siku ileile Mwanamvua akaniletea panga.
"Sasa, kabla haijafunga mbegu.
Ukiingoja izae, itakula yenyewe ilichokuwekea."

Nilifyeka midomo nimeibana.
Robo ekari ya maua ikalala.
Nikang'oa mzizi mmoja niutazame:
vinundu vidogo, kama shanga za kiunoni.
Nikapasua kimoja kwa ukucha. Ndani,
wekundu wa nyama hai.
Nilikaa chini palepale.
Hakuna aliyewahi kuniambia mmea una damu.

Tukafukia. Tukangoja.
Kungoja huku hakuna anayekutilia alama,
hakuna kipande.
Shamba likanuka chai ya jana.
Kuku wakafukua, tukaweka miiba,
wakafukua kando ya miiba.

Masika nilipiga jembe, jembe halikulia.
Lilizama likanyamaza, kama mtu aliyefika kwao.
Mbolea ya dukani hatukuapa kuiacha:
kizibo kimoja cha soda kila shimo,
na samadi ya mbuzi kiganja kimoja,
isiguse mbegu, iwe kando kidogo,
kama mgonjwa anavyolishwa uji,
kijiko, halafu unatulia.
Nyungunyungu wa kwanza nilimwona mwezi wa nne.
Nikamwita mke wangu aje kuona.
Akaja, akaona, akarudi kwenye ubuyu wake.

Bilinganya zimezaa. Si nyingi.
Kona ya chini bado ngumu, maji bado yanasimama pale
yakifikiri.

Babu hakurudi Kasulu.
Kaburi lake liko mpakani mwa shamba, upande wa barabara,
na pale kichwani nimeacha mstari mmoja
bila kuufyeka.
Umekomaa, umekauka, maganda yamejaa,
upepo ukipita yanatikisika, cheke, cheke,
nami huacha jembe nikasikiliza
kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Mwanamvua anadai soksi yake.
Nimemwambia angoje ijae.